AMANA YA ROHO ZA WATU: KUHUSU UKAGUZI WA MAGARI

Khutba ya Ijumaa kutoka Milepa, Bonde la Ziwa Rukwa

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi akaweka juu yake milima na mabonde, akawasahilishia waja wake vyombo vya kuwachukua wao na mizigo yao hadi nchi ambazo wasingezifikia ila kwa taabu kubwa. Tunamhimidi, tunamwomba msaada, na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu peke yake, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu mliohudhuria msikitini humu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mashuleni, tunajiusia sisi wenyewe na tunawausia nyinyi kumcha Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na leo tunataka ucha Mungu huo tuutazame mahali ambapo wengi wetu hatukuzoea kuutazama, napo ni chini ya gari: katika breki, katika tairi, katika usukani na katika taa. Tunataka tuzungumze juu ya ukaguzi wa magari wa kila mwaka, na juu ya ile stika ndogo inayobandikwa kwenye kioo cha mbele.

Pengine atatokea mtu aseme: mimbari na breki vina uhusiano gani? Mtu huyo hakai Milepa. Sisi tunaokaa bondeni twajua kwamba mji wa mkoa wetu, Sumbawanga, uko juu ya uwanda wa Ufipa, kimo cha zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini, kimo cha mita 800 hivi. Katikati yake umesimama ule ukuta wa milima unaoitwa Lyamba lya Mfipa. Mgonjwa aliyeshindikana katika zahanati hupandishwa ukuta huo ili afike hospitali ya mkoa. Mpunga wetu na samaki wetu hupandishwa ukuta huo ili wapate soko. Mwanafunzi anayekwenda shule ya bweni hupanda huko, na likizo ikifika huteremka. Hapana jamaa hapa asiyekuwa na mtu wake barabarani katika mlima ule, ikiwa si leo basi wiki ijayo.

Na mteremko, ndugu zangu, una hukumu yake. Gari zito lililo juu ya mlima limebeba nguvu nyingi, na kila linaposhuka nguvu ile lazima iende mahali. Dereva akikanyaga breki, nguvu ile hugeuka joto katika pedi za breki na katika chuma zinachokibana. Kwenye uwanda joto hilo hupoa kabla ya kona nyingine, lakini katika mteremko wa kilometa nyingi halipati nafasi ya kupoa. Basi chuma hupata moto hata mtu akasikia harufu ya kuungua, na mshiko hupungua. Tena mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kidogo kidogo kutoka hewani. Yakiwa yamekaa miaka bila ya kubadilishwa huchemka kwa urahisi, na mafuta yaliyochemka hufanya mvuke, na mvuke hukandamizika kwa urahisi, tofauti na mafuta. Hapo dereva hukanyaga na mguu ukaenda mpaka chini, wala gari lisisimame. Ndiyo maana madereva wenye elimu ya kazi yao hushuka mlima kwa gia nzito, ili injini nayo isaidie kulizuia gari, na breki zibaki kwa ajili ya haja.

Hayo yote yakitokea, sisi husema, "Breki zilikatika ghafla." Lakini ni mara chache breki hukatika kwa ghafla. Mara nyingi zilikuwa zikisema kwa muda wa miezi. Zilikuwa zikilia, gari lilikuwa likivuta upande mmoja kila linapopunguzwa mwendo, na utingo alikuwa haachi kuruka chini na jiwe mkononi kila gari liliposimama mlimani, ili aliweke nyuma ya gurudumu. Jiwe lile lililo tayari mkononi mwa utingo ni ungamo la mwenye gari kwamba breki zake yeye mwenyewe hazitegemei.

Wala janga la namna hii halichagui chombo. Nchi yetu haijasahau tarehe 24 Juni, 2002, katika mkoa wa Dodoma, karibu na Igandu, pale treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya elfu moja ilipopata hitilafu ya breki katika kupanda mlima, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma kwa kasi hata ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Tunawaombea rehema. Na tunapolitaja jambo hili hatutaki kufukua majonzi ya watu, bali tunataka kila mmoja wetu aelewe kwamba neno hili "breki", linalotamkwa gereji kwa wepesi kama neno "rangi" au neno "kiti", ni neno la uhai na mauti.

Enyi Waislamu, sheria za nchi yetu hazikunyamaza juu ya jambo hili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza mtu kuendesha barabarani chombo kibovu kinachoweza kuleta hatari, na imeweka wakaguzi wa magari wenye uwezo wa kukitazama chombo na kukizuia mpaka kitengenezwe. Imekuwa desturi kwa miaka mingi kwamba inapofika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, askari wa usalama barabarani hukagua magari na kutoa stika kwa yale yaliyofaa. Na magari yanayobeba abiria kwa nauli yana jambo la zaidi: leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu.

Sasa tuiulize nafsi: stika hii ni kitu gani? Wengi wetu tunaihesabu kuwa ni kodi. Tunasema, "Nimelipia stika," kama tunavyosema, "Nimelipia ushuru wa soko." Na kwa kuwa tumeihesabu kuwa ni kodi, hatuoni ubaya wa kuilipa kwa njia iliyo nyepesi. Lakini stika hii si kodi. Stika hii ni shahada. Inasema mbele ya kila anayeitazama: gari hili lilisimamishwa mbele ya mtu mjuzi, akalitazama, akaliona linafaa. Mama anayempakia mwanawe garini hawezi kuingia chini ya gari kutazama. Yeye hutazama kioo, akaiona stika, akategemea neno la shahidi.

Tuchukue mfano. Mtu ana gari bondeni, na msimu wa mpunga umefika. Anaona kwamba akilipandisha gari Sumbawanga kwa ajili ya ukaguzi atapoteza siku nzima ya kazi, na mafuta, na pengine ataambiwa abadilishe tairi mbili na hana fedha za tairi mbili. Basi anampa jamaa yake kadi ya gari pamoja na fedha kidogo za kumfumba macho mtu, na jioni stika inashuka bondeni ndani ya bahasha, hali gari lenyewe halikutoka uani. Hatumtuhumu yeyote kwa jina, wala hatusemi kwamba kila askari ni mla rushwa. Wapo waaminifu wengi wanaosimama juani mchana kutwa na kuchukiwa kwa ajili ya uaminifu wao. Tunauliza tu hukumu ya bahasha ile. Mpeleka fedha ametoa rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wawili wamelaaniwa katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.). Lakini juu ya rushwa liko jambo la pili ambalo watu hawalitaji: imeandikwa shahada ya uongo, na imebandikwa kwenye kioo ili isomwe na watu kila siku kwa muda wa mwaka mzima.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahesabia masahaba madhambi yaliyo makubwa kupita yote. Akataja kumshirikisha Mwenyezi Mungu, akataja kuwaasi wazazi, na alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye shahada ya uongo aliacha kuegemea, akaketi sawasawa, akalirudia jambo hilo, akalirudia tena, hata masahaba kwa kumwonea huruma wakatamani lau angenyamaza. Wanavyuoni wamesema kwamba aliketi kwa sababu shirki kila mwenye imani huichukia kwa tabia, lakini shahada ya uongo watu huiona nyepesi, na madhara yake huwafikia wengine. Tazameni basi stika ya bahasha: shahidi hakuliona gari, na wanaodhurika ni abiria thelathini ambao hawakushauriwa.

Na abiria hao ni akina nani? Hapa kwetu Ufipa majirani zetu wengi ni Wakristo. Waislamu wa bondeni, wenye maduka na wenye magari, huwachukua Waislamu na wasio Waislamu katika gari moja, na hapana anayeulizwa dini yake mlangoni. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzirejeshe amana kwa wenyewe, wala hakusema amana za Waislamu peke yao. Aliyelipa nauli amekupa amana ya roho yake kutoka Milepa mpaka stendi ya Sumbawanga. Ukimfikisha salama umeirejesha amana.

Wako wanaodhani kwamba ukaguzi wa vyombo ni jambo la Wazungu lililoletwa na ukoloni. Hawakusoma tarihi yao. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo mtu aliyeitwa muhtasibu, naye alikuwa akizunguka sokoni na bandarini, akikagua mizani na vipimo, akimzuia mwenye mnyama asimtwike zaidi ya uwezo wake. Imamu Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, yaani mwaka 1058, ameandika katika kitabu chake mashuhuri juu ya hukumu za utawala kwamba muhtasibu huwazuia wenye majahazi kupakia mzigo wa kuhofiwa kuzama, na huwazuia kusafiri wakati wa upepo mkali. Huo ndio ukaguzi wa vyombo vya usafiri, na umefundishwa katika fiqhi yetu zaidi ya miaka 900 kabla ya Uingereza kuanza upimaji wa lazima wa magari makongwe. Waingereza walianza mwaka 1960, wakapima breki, taa na usukani wa magari yaliyotimiza miaka kumi. Walipoona jinsi mengi yalivyoshindwa wakateremsha umri huo upesi, na kufika mwaka 1967 gari la miaka mitatu lilikuwa halina budi kupimwa.

Na Wajapani, ambao kwao yametoka magari mengi tunayoyapanda, wana ukaguzi mkali: gari dogo jipya hupimwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Watu wengi kule huona afadhali kuliuza gari lao kuliko kulilipia ukaguzi tena. Gari hilo huingia melini, likashuka Dar es Salaam, likauzwa na kuuzwa tena, hata siku moja likafika kwenye mteremko wetu. Hatusemi kwamba ni bovu. Mengi yao ni mazima kuliko yale tunayoyajua. Tunasema kwamba gari lililoachwa na mwenyewe kwa kuogopa gharama ya ukaguzi ndilo hasa linalohitaji ukaguzi huko lilikokwenda.

Sasa wanavyuoni wa zama zetu wanasemaje? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilikutana Brunei mwezi Juni mwaka 1993 ikaamua kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya Kiislamu ni wajibu, kwa kuwa ni utii kwa mtawala katika jambo lenye maslaha ya watu. Wakaamua pia kwamba dereva huwajibika kwa madhara anayowapatia wengine, ijapokuwa hakukusudia, isipokuwa pale alipolemewa na jambo asiloweza kulizuia wala kujihadhari nalo. Tuyapime maneno haya. Jiwe likiporomoka kutoka mlimani usiku na kuvunja usukani, hilo ni jambo la kulemewa. Lakini pedi zilizokwisha tangu mwezi wa Ramadhani, na fundi akasema zimekwisha, na mwenye gari akasema, "Tuvune kwanza," je, mtu huyo alilemewa na nini?

Na aliyemwua mtu kwa kukosea, Kurani katika Suratun Nisaa imemwekea diya ya kuwapa warithi isipokuwa wakisamehe, na kafara ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni saumu ya miezi miwili mfululizo. Mfululizo, ndugu zangu. Akila siku moja bila ya udhuru huanza upya. Wanavyuoni wengi wamesema kwamba kila roho ina kafara yake. Wenye kuhesabu na wahesabu wenyewe: bei ya pedi za breki upande mmoja, na upande mwingine saumu ya abiria thelathini.

Liko jambo jingine la kwetu ambalo hatuna budi kulisema hapa. Watu husimulia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Lakini lori likipinduka mlimani, husikii watu wakiuliza habari za tairi. Husikia wakiuliza ni nani aliyekuwa na kinyongo na mwenye lori. Wengine, walio wacha Mungu zaidi, husema ni kadari tu. Wa kwanza wamemsingizia jirani. Wa pili wamesema neno la haki wakaliweka mahali pasipokuwa pake. Ndiyo, kila jambo ni kwa kadari yake Mola; lakini yule Bedui aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake na kutegemea, au amfunge na kutegemea, alijibiwa kwamba amfunge kwanza. Tairi iliyolika hata nyuzi zikaonekana ni ngamia asiyefungwa. Kabla ya kumtafuta mchawi, na watu watazame tairi.

Basi tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yamebaki maneno ya vitendo.

La kwanza ni udhuru wa umbali. Wenye magari wa bondeni husema kwamba pa kukagulia ni mbali, na udhuru huu una haki ndani yake. Katika nchi yetu hakuna jumba la kupimia magari katika kila wilaya kama walivyo wenzetu wa ng'ambo, ambako gari huwekwa juu ya magurudumu ya mashine, na mashine ikaonyesha kwa hesabu nguvu ya breki ya kulia na ya kushoto. Kwetu mkaguzi ni askari mwenye ujuzi, na kituo cha ukaguzi ni uwanja wa polisi. Hutazama kwa macho yake, hutikisa gurudumu, hulaza kichwa chini ya gari, huamrisha liendeshwe na kusimamishwa. Kazi ya mkono na jicho haifanyiki pasipokuwa na gari lenyewe. Kwa hiyo mwenye gari Milepa ana njia mbili za halali. Ama alipandishe gari lake mjini siku ambayo lina safari ya huko, alfajiri, kabla ya kupakia abiria wa kurudi. Na gari linalokwenda Sumbawanga mara tatu kwa wiki halina udhuru wa umbali hata kidogo. Ama wenye magari na pikipiki wa kata hii na za jirani waungane, waandike barua moja kwa kupitia kwa Mtendaji wa Kata, wamwombe Mkuu wa Usalama Barabarani awapangie siku mkaguzi ateremke bondeni. Mtu mmoja akiomba, barua yake yaweza kuwekwa kando. Wenye vyombo arobaini wakiomba pamoja, na viongozi wa msikiti na wa kanisa wakatia saini, ombi lile huwa zito.

La pili ni kwamba ukaguzi ni shahada ya siku ile ulipofanywa. Udhu wa jana hausaliwi leo baada ya kutenguka, na stika ya mwezi wa Machi haijui msumari wa mwezi wa Julai. Dereva kila asubuhi azunguke gari lake kabla ya abiria hajapanda: mafuta ya breki yamefika alama yake au yamepungua, na kama yamepungua yamekwenda wapi, taa za nyuma zinawaka, karanga za gurudumu zimekaza, usukani hauna mchezo mwingi. Na anunuapo tairi aisome ubavuni. Ziko tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi huonekana zima kwa nje na hali ndani limekauka. Vijana wetu wa shule wanaojua kusoma tarakimu hizi na wawafundishe baba zao. Hapana aibu katika elimu.

Na nyinyi mafundi, imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akiwadhaminisha mafundi vitu vya watu vilivyoharibika mikononi mwao, kwa ajili ya kulinda mali za watu. Ikiwa mali ililindwa hivyo, roho je? Fundi anayefunga pedi kuukuu na kutoza bei ya mpya amekula haramu. Na fundi anayeambiwa na tajiri, "Funga hivyo hivyo, litafika," basi aseme kwa ulimi wake kwamba halifai, mbele ya dereva, wala asilifunge. Hatukatai kwamba ni jambo gumu kwa mwenye njaa.

Dereva wa kuajiriwa naye yuko katikati. Akikataa kuondoka, tajiri atampa funguo mwingine. Tunamwambia tajiri: dereva anayerudisha gari uani kwa sababu ya breki amekuhifadhia gari lako, na amekuhifadhia miezi yako ya saumu. Usimfukuze. Ukimfukuza, jamaa za msikitini na wasipande gari lako.

Hapa ndipo ilipo zamu yetu sisi abiria, maana tumezoea kunyamaza. Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Walioko chini walikuwa wakiwapita wa juu kila wanapoteka maji, wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Wa juu wakiwaacha, wote huangamia. Wakiwashika mikono, wote huokoka. Mpanda lori juu ya magunia ya mpunga, akashika kamba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, anaona kabisa kwamba tundu linatobolewa, na hunyamaza kwa kuwa nauli ya juu ya magunia ni nafuu. Tunajua umaskini wa watu wetu na hatuwadharau. Lakini watu kumi wakiteremka pamoja pale kabla ya mlima wakasema, "Hatupandi mpaka tairi hili libadilishwe," dereva hana la kufanya. Mmoja akisema peke yake hutukanwa. Kwa hiyo semeni kumi.

Na pikipiki tusizisahau, kwani ndizo zinazobeba watoto wetu kila siku kuliko lori lolote. Breki ya pikipiki ni waya na pedi ndogo, na mnyororo wake ukilegea huruka. Kijana aliyepakia abiria wawili na gunia kwenye pikipiki isiyokuwa na breki ya nyuma asidhani kwamba maneno yote yaliyotangulia ni ya wenye malori.

Ee Mwenyezi Mungu, wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa ziwani. Ee Mola wetu, warehemu waliokufa barabarani, Waislamu katika wao uwaweke mahali pema, na uwape subira waliofiwa wote. Waponye walioachwa na vilema. Wape madereva wetu macho yasiyolala, na wape wakaguzi wetu nguvu ya kukataa kilicho haramu, na utupe sisi riziki ya halali tusihitaji kuwauzia watu hatari. Wasamehe wazazi wetu kama walivyotulea tungali wadogo. Amin.

Kabla hatujasimama: wenye magari na wenye pikipiki tunawaomba wabaki kidogo barazani baada ya sala. Barua ya kumwomba mkaguzi itaandikwa leo, na kila mmoja aandike jina lake na namba ya chombo chake. Majirani zetu wasiokuwa wa msikiti huu nao wamepelekewa habari, na karatasi itapitishwa kwao.

Simamisheni sala.